Cambridge, Mji wa Herufi za Nukta 64



Watu wengi waendao Cambridge, huko Uingereza, huvutwa na mambo matatu. La kwanza ni Chuo Kikuu, ambacho asili yake ni mwaka 1209. La pili ni kanisa la King's College, lililoanza kujengwa mwaka 1446 na kukamilika mwaka 1515. La tatu ni mto Cam, ambamo vijana huwatembeza wageni katika mashua bapa wakizisukuma kwa pondo ndefu, kama wafanyavyo wavuvi wa kwetu penye maji ya kina kifupi.

Leo nakualika katika mji uo huo, lakini nitakupitisha njia nyingine. Tutatafuta kitu kidogo mno, ambacho jicho halikitambui mpaka lielekezwe. Kitu chenyewe ni herufi: herufi iliyoundwa kwa nukta, nane kwenda kando na nane kwenda chini, ndani ya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980. Herufi hizo hazikufa pamoja na mashine zake. Wako watu, wazee kwa vijana, ambao hadi leo wanazinakili, wanazichora upya, na kuzitumia katika vyombo wanavyojiundia kwa mikono yao wakati wa mapumziko.

Huenda ukauliza: je, mtu mwenye akili timamu afunge safari kwa ajili ya herufi A? Swali hilo ni la haki. Nami najibu kwamba mtu akichora herufi huwa ameamua pia ni lugha ya nani itakayoandikika na ya nani itakayongoja. Hilo si jambo dogo kwetu sisi. Basi funga kamba za viatu, tuanze safari.

KUTOKA STESHENI HADI SOKONI

Utaondoka London katika stesheni ya King's Cross. Treni iendayo kasi itakufikisha kwa muda usiotimiza saa moja. Nchi ya huko ni tambarare, na ndiyo maana kila upande utaona baiskeli: za wanafunzi, za maprofesa, na za akina mama wakiwapeleka watoto shule. Ukitoka stesheni kwa miguu, mwendo wa nusu saa hivi utakuingiza katikati ya mji, katika barabara iitwayo King's Parade.

Hapo simama. Upande mmoja utaona kanisa la King's College na minara yake. Upande wa pili kuna safu ya nyumba za kale zenye maduka. Wageni wote hugeuzia kanisa nyuso zao na nyumba hizo migongo yao. Wewe fanya kinyume chake. Nyumba namba 6 ndiyo iliyokuwa ofisi ya Clive Sinclair, mtu aliyeamini kwamba kompyuta inaweza kuuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeimudu. Mwezi Machi 1981 kampuni yake ilitoa mashine iitwayo ZX81, iliyouzwa kwa pauni 69 na senti 95, au pauni 49 na senti 95 kwa yule aliyekuwa tayari kuiunga mwenyewe. Tarehe 23 Aprili 1982 ikafuata ZX Spectrum, kwa pauni 125 ile ndogo na pauni 175 ile kubwa.

Endelea mbele hatua chache hadi nyumba namba 1 ya Trinity Street. Hapo pana duka la vitabu, na mahali hapo vitabu vimekuwa vikiuzwa tangu mwaka 1581. Chuo Kikuu cha Cambridge kilipewa hati ya kuchapa vitabu na Mfalme Henry VIII mwaka 1534, na kikaanza kuchapa mwaka 1584. Mji huu, kwa hiyo, ulizoea kazi ya herufi muda mrefu kabla ya umeme. Herufi ya risasi ilipangwa kwa vidole, moja baada ya nyingine, na mafundi waliopanga gazeti la babu zako walifanya kazi iyo hiyo.

Sasa zunguka nyuma ya kanisa la Great St Mary's, utaingia sokoni. Mahali hapo panaitwa Market Hill, maana yake kilima cha soko, ingawa pako sawa kama sakafu. Jengo namba 4A ndilo lililokuwa ofisi ya kampuni ya Acorn, iliyotokana na kazi ya Chris Curry na Hermann Hauser iliyoanza mwaka 1978. Curry alikuwa amefanya kazi kwa Sinclair kabla ya kuondoka. Hivyo washindani wawili wakubwa walikaa mwendo wa dakika chache tu kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mwezi Desemba 1984 walikutana katika baa ya Baron of Beef, na Sinclair, akiwa amechukizwa na tangazo lililodharau mashine zake, akampiga Curry kwa gazeti lililokunjwa. Sisi tulio katika kazi ya magazeti tunajua kwamba gazeti lina matumizi mengi, lakini hayo hatukuyakusudia.

Jirani na soko hilo, katika Maabara ya Hisabati ya Chuo Kikuu, ndipo ilipowashwa EDSAC tarehe 6 Mei 1949, mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa duniani. Mwaka 1952 Alexander Douglas aliitumia kuchora mchezo wa sufuri na msalaba katika kioo chenye nukta 35 kwa 16. Hesabu mwenyewe: ni nukta 560 tu. Lakini katika nukta hizo mtu aliweza kusoma alama ya O na alama ya X. Basi wazo la kuandika kwa nukta lilikuwa limekwisha kupata makao katika mji huu miaka 30 kabla ya Sinclair na Acorn.

CHUMBA CHA NANE KWA NANE

Ili uelewe mambo yatakayofuata, ni lazima nikueleze jinsi herufi hiyo inavyojengwa. Usiogope, kazi hii haizidi hesabu ya darasa la nne.

Chukua daftari la hesabu, lile lenye miraba. Zungushia mstari miraba nane kwenda kando na minane kwenda chini. Umepata chumba cha miraba 64. Kila mraba ama unatiwa wino ama unaachwa mweupe. Hakuna hali ya tatu. Kompyuta nayo haijui zaidi ya hayo: umeme upo au haupo. Sasa tazama jinsi herufi A ya ZX Spectrum ilivyojengwa:

. . . . . . . .   0
. . o o o o . .   60
. o . . . . o .   66
. o . . . . o .   66
. o o o o o o .   126
. o . . . . o .   66
. o . . . . o .   66
. . . . . . . .   0

Namba zilizo kulia zimetoka wapi? Kila safu ya wima ina thamani yake. Kuanzia kushoto thamani hizo ni 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Palipo na wino, jumlisha. Palipo peupe, ruka. Mstari wa pili una wino chini ya 32, 16, 8 na 4, na jumla yake ni 60. Mstari wa tatu una 64 na 2, jumla 66. Namba moja ya namna hiyo huitwa baiti. Kwa hiyo herufi nzima ni baiti nane, na anayezijua namba hizo nane anaweza kuijenga upya herufi hiyo mahali popote duniani, hata kama mashine yake ya asili imekwisha kuoza.

Spectrum ilikuwa na alama 96 za namna hiyo: herufi kubwa na ndogo, tarakimu, vituo, na alama za hesabu. Mara nane, hizo ni baiti 768. Mafundi waliziweka katika kumbukumbu isiyofutika, ambayo ilikuwa na nafasi 16,384 kwa jumla, wakazipa nafasi za mwisho kabisa, kuanzia namba 15,616. Nafasi inayofuata baada ya ukuta huo, namba 16,384, ndipo kioo kinapoanza. Herufi na kioo ni majirani wa ukuta mmoja.

Na chumba hicho kidogo kina shida zake. Chukua herufi ndogo m, ambayo sisi Waswahili hatuwezi kukaa nayo mbali: mama, mtu, mmea, mwalimu. Ina miguu mitatu. Ukitaka kila mguu uwe na unene wa nukta mbili, miguu pekee imekula nukta sita, na nafasi mbili za katikati zimekula mbili. Chumba kimejaa, wala hapana uwazi wa kuitenga m hiyo na herufi ijayo. Mchoraji hana budi kukondesha mguu wa kati, au kukondesha yote. Namba 0 nayo hufanana na herufi O. Ndiyo maana katika Spectrum ile sufuri imepigwa mstari wa mshazari tumboni. Kila nukta, kwa hiyo, imewekwa kwa sababu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakipokei hata punje moja ya ziada.

HERUFI MBILI ZA JIRANI

Acorn nao walichora ya kwao. Mwaka 1981 shirika la utangazaji la BBC lilitaka mashine itakayotumika katika mpango wake wa kuwafundisha wananchi matumizi ya kompyuta. Sophie Wilson na Steve Furber, pamoja na wenzao wa Acorn, walijenga mashine ya kuonyesha kwa muda wa wiki moja, na kazi wakaipata. Mashine hiyo, BBC Micro, ilianza kuuzwa mwezi Desemba 1981 na ikaingia katika shule nyingi za Uingereza.

Herufi A ya BBC Micro ni namba hizi: 60, 102, 102, 126, 102, 102, 102, 0. Ichore pembeni ya ile ya kwanza. Utaona mara moja kwamba miguu yake ni minene, nukta mbili mbili, na kwamba imesimama mistari saba, huku ya Sinclair ikisimama mistari sita. Mashine zote mbili ziliunganishwa na televisheni ya sebuleni, na katika televisheni za siku zile mstari mwembamba wa nukta moja uliweza kufifia. Mguu mnene husomeka vizuri zaidi. Mguu mwembamba nao una faida yake: huacha hewa ndani ya herufi. Hapana aliyekosea, kila mmoja alichagua.

BBC Micro ilikuwa na njia ya pili ya kuandika. Kipande maalumu cha silikoni kilichotengenezwa na kampuni ya Mullard kiliweza kuonyesha herufi 40 kwa mistari 25, sawasawa na kurasa za Ceefax, huduma ya habari za maandishi katika televisheni ambayo BBC iliiendesha tangu mwaka 1974 hadi 2012. Hesabu yake ni ya kupendeza. Kuchora kioo kizima nukta kwa nukta, 640 kwa 256, kulihitaji baiti 20,480, na mashine nzima ilikuwa na 32,768 tu. Lakini kwa njia ya Mullard ukurasa mzima uligharimu baiti 1,000, moja kwa kila herufi, kwa sababu sura za herufi zilikaa ndani ya kile kipande chenyewe. Kwa watu wasiokuwa na kumbukumbu ya kutupa, herufi iliyochorwa tayari ilikuwa akiba.

PALE UNAPORUHUSIWA KUGUSA

Sasa ondoka katikati ya mji, uelekee upande wa mashariki, hadi Coldhams Road. Huko ndiko kilikofunguliwa mwaka 2013 kituo kiitwacho Centre for Computing History. Usitazamie nguzo za mawe wala minara. Ni jengo la kawaida, mithili ya ghala la kiwanda. Lakini lina jambo ambalo majumba mengi ya makumbusho hayana: mgeni haambiwi asiguse. Mashine zimewashwa, viti vimewekwa, nawe unaketi na kuandika. Kimo pia chumba kilichopangwa kama darasa la miaka ya 1980, chenye BBC Micro mezani, ambamo watoto wa leo hujaribu yale waliyofundishwa wazazi wao.

Washa BBC Micro. Italia kwa sauti mbili, moja nzito na moja nyembamba, kisha itajitambulisha kwa herufi nyeupe juu ya weusi. Washa Spectrum. Kioo kitakuwa cheusi kidogo, kitageuka cheupe, na chini kabisa patatokea mstari mmoja unaoanza na alama ya hakimiliki, ile c iliyo ndani ya duara. Katika ile safu ya alama 96, hiyo ndiyo ya mwisho, namba 127. Ya mwisho katika foleni, lakini ya kwanza kuonekana kila siku.

Tazama vilevile hali ya vyombo hivyo. Umri wao umepita miaka 40. Utando wa plastiki ulio chini ya vibonye vya Spectrum hukauka na kukatika, kapasita huvuja, vipande vya kumbukumbu hufa kimya kimya. Wapenzi wa mashine hizi hubadilisha sehemu moja baada ya nyingine, kama fundi wa baiskeli ya urithi. Lakini herufi zina bahati kuliko chuma. Baiti 768 zinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari. Anayezinakili leo ameokoa kazi ya mkono wa mtu.

Nasema kazi ya mkono kwa makusudi. Si Cambridge peke yake. Huko California, Susan Kare alipopewa kazi ya kuchora herufi na picha za kompyuta ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1984, alianza kwa karatasi ya miraba na kalamu, mraba mmoja kwa kila nukta. Mtoto wako mwenye daftari la hesabu ana vifaa vile vile.

WALIOKUWAMO NA WASIOKUWAMO

Tumefika sasa kwenye kiini cha safari yetu. Zitazame tena zile alama 96 na ujiulize: ni nani aliyekuwamo?

Mwingereza alikuwamo, hata alama ya pauni yake ilipewa nafasi, namba 96. Dola ya Mmarekani ilikuwamo. Kiswahili cha herufi za Kilatini, kwa bahati njema, kilikuwamo pia chote. Herufi zetu hazina vikofia wala mikia, na ile ng' ya ng'ombe hujitosheleza kwa kituo kidogo cha juu. Hata shilingi huandikwa kwa herufi za kawaida. Mtu angeweza kuandika barua nzima ya Kiswahili katika Spectrum bila kupungukiwa na kitu.

Walakini mashine zenyewe hazikufika kwetu kwa wingi. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku yaliyokuja kulegezwa baadaye. Na mashine hizo zilihitaji televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake mwaka 1994. Herufi zilikuwa tayari kutupokea, sisi hatukuwa tayari kuzifikia.

Wengine mlango ulifungwa kwa herufi zenyewe. Jirani zetu Wakikuyu huandika i na u zenye kiwimbi juu yake. Bila alama hizo neno hugeuka maana au hupoteza sauti yake, nazo hazikuwamo katika zile 96. Na Kiswahili chenyewe kina mwandiko wa zamani zaidi. Kwa karne nyingi, watu wa Lamu, Mombasa, Pate na Unguja waliandika tenzi, barua na hati za biashara kwa herufi za Kiarabu, wakiongeza nukta hapa na pale ili kupata sauti kama p na ch. Mwandiko huo huenda kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi moja inaweza kuwa na sura nne: ikiwa peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Baba mwenye barua za babu yake sandukuni hakuwa na kibonye cha kuandikia hata neno lake la kwanza.

Hata hivyo, mafundi wa Cambridge waliacha upenyo. Katika Spectrum mtumiaji alipewa nafasi 21 za kuchora alama zake mwenyewe. Katika BBC Micro alipewa nafasi 32. Kwa Mkikuyu nafasi hizo zilitosha na kubaki, maana anahitaji alama nne tu, mbili kubwa na mbili ndogo. Kwa mwandiko wa Kiarabu nafasi 21 hazitoshi, kwani herufi zenyewe ni 28 kabla hujahesabu sura zake. Lakini ulikuwapo mlango mkubwa zaidi. Nafasi namba 23,606 na 23,607 za kumbukumbu ya Spectrum huieleza mashine mahali zinapokaa sura za herufi. Badilisha namba hizo mbili, na mashine itaacha kutazama herufi za Sinclair, itatazama zako, zote 96, utakazokuwa umezichora mwenyewe kwa baiti 768.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapoiona thamani ya mchezo huu wa watu wazima. Ajifunzaye kubadilisha zile namba mbili huacha kuziona herufi kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Huziona kama meza na viti: kitu kilichotengenezwa na mtu, ambacho mtu mwingine anaweza kukitengeneza kwa namna nyingine.

Dunia nayo ilisonga mbele kwa njia hiyo. Mwaka 1991 ulitoka mpango wa Unicode, unaokusudia kuipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake. Mwaka 1998 Roman Czyborra alianzisha kazi iitwayo Unifont, ambayo huchora herufi hizo kwa nukta, 8 kwa 16 au 16 kwa 16 kwa zile pana, na watu wa kujitolea wakaendelea nayo baada yake. Humo zimo i na u za Kikuyu, zimo herufi za Kiarabu, zimo za Kiamhara. Ni mbinu ile ile ya daftari la miraba, isipokuwa safari hii mlango umefunguliwa kwa wote.

HERUFI ZA ZAMANI KATIKA VYOMBO VIPYA

Usidhani kwamba mambo haya yamebaki katika makumbusho. Mwaka 1985 Wilson na Furber wa Acorn walifanikiwa kutengeneza kipande cha silikoni kilichoitwa ARM, na ukoo wa kipande hicho ndio unaoendesha karibu kila simu ya mkononi, pamoja na hiyo uliyonayo mfukoni. Mwaka 2012 ikatoka Cambridge hiyo hiyo kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na mwaka 2021 nduguye aitwaye Pico, aliyeuzwa kwa dola nne za Marekani. Naye moyo wake ni wa ukoo wa ARM.

Wapenzi wa kompyuta za zamani huchukua chombo kama hicho, wakakiunganisha na kioo kidogo cha nukta 128 kwa 64, kinachotosha katika kiganja. Kwa herufi za nane kwa nane, kioo hicho huchukua herufi 16 kwa mistari minane. Maneno "Uhuru na Umoja", pamoja na nafasi zake, ni 14. Yanakaa katika mstari mmoja na kubakiza nafasi mbili. Herufi nzuri za vitabu, zilizopindwa kwa ustadi, hukosa raha katika kioo cha namna hiyo. Herufi za miaka ya 1980 hukaa kama mtu aliyerudi nyumbani, kwa maana zilizaliwa katika ufinyu uo huo. Hata programu iitwayo MicroPython, iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013 na kutumika sana katika vyombo hivi, imebeba ndani yake herufi za nane kwa nane zenye sura ya zile za mashine za Commodore.

Kwa anayetaka kuanza, nina mashauri matatu.

La kwanza, chagua herufi kwa kufuata kioo. Kama kioo ni hafifu au kinatazamwa kwa mbali, chukua miguu minene ya Acorn. Kama ni kikali na kinatazamwa kwa karibu, wembamba wa Sinclair utapendeza. Na ukizikuza, kuza kwa mara mbili au mara tatu kamili. Ukikuza kwa mara moja na nusu, baadhi ya nukta zitanenepa na nyingine zitabaki, na herufi itakuwa kama mtu aliyevaa viatu visivyo pacha.

La pili, heshimu haki za watu. Haki za kompyuta za Sinclair zilinunuliwa na kampuni ya Amstrad mwaka 1986, nayo mwaka 1999 iliruhusu kumbukumbu za mashine hizo zisambazwe kwa masharti kwamba hakimiliki yake iendelee kutambuliwa. Si kila mwenye haki ametoa ruhusa ya namna hiyo, na sheria za nchi hazilingani. Soma masharti kabla ya kuuza chombo chako.

La tatu, na ndilo kubwa, usiishie kunakili. Ukishazielewa herufi za Cambridge, ongeza zinazokosekana. Mwenye lugha ya mama yenye alama zake, azichore. Mwenye kusoma mwandiko wa Kiswahili wa herufi za Kiarabu, aketi na kijana ajuaye programu, wapime pamoja ni nukta ngapi zinahitajika ili ch isomeke bila kudhaniwa kuwa ni j. Kazi hiyo haihitaji kiwanda wala fedha za kigeni. Inahitaji mzee mwenye barua, kijana mwenye subira, na karatasi ya miraba kati yao.

Na kama safari ya Cambridge haimo katika uwezo wa mshahara wa mwezi huu, basi anza nyumbani jioni ya leo. Mpe mwanao daftari, mzungushie miraba 64, umtajie namba hizi nane: 0, 60, 66, 66, 126, 66, 66, 0. Akimaliza atakuwa ameona herufi ya kwanza ya alfabeti ikitoka katika hesabu tupu. Kisha mpe chumba kingine kitupu, umwombe achore herufi ya kwanza ya jina lake kama anavyotaka yeye.